Daftari la A-yu

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Hapana, nakosea. Tisini na nane ndio mwaka wa mafuriko, na mafuriko yalipokuja Pei-yun alikuwa bado chuoni. Basi ni tisini na tisa kwa hesabu yetu, inayohesabu miaka tangu Jamhuri ilipoundwa, mwezi wa nne, wakati wa kuvuna vitunguu saumu, ambapo mji wetu wote hunuka hata nguo ukizianika zinarudi na harufu ileile.

Lai Pei-yun alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, ameletwa na chuo chake afanye mazoezi ya kufundisha nusu mwaka katika darasa la elimu maalumu la shule yetu ya msingi. Watoto sita, na mwenye darasa ni Mwalimu Tsai, mama wa makamo, mwepesi wa ulimi. Jumanne ile Pei-yun aliegesha pikipiki yake saa moja na nusu asubuhi, macho mazito kama hakulala, akahesabu viatu mlangoni. Jozi tano.

"Usihesabu tena," Mwalimu Tsai akamwambia. "A-yu haji. Bibi yake amepiga simu."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Bibi kasema mtoto atarudi akishapata adabu. Adabu ataipatia wapi, kwenye banda la vitunguu anakofanya kazi bibi? Leo siku ya pili. Ikifika Ijumaa ofisi itamwandika mwanafunzi wa nyumbani, mwalimu awe anamtembelea mara mbili kwa juma, basi. Nimewaona walioandikwa hivyo. Hawarudi."

Pei-yun akauliza kisa ni nini. Mwalimu Tsai akamtazama kwa huruma, halafu akanyoosha kidole kwenye rafu ya madaftari.

Kila mtoto wa kwetu ana daftari la kwenda na kurudi. Mwalimu huandika mchana, mzazi husoma jioni na kutia sahihi. Chuoni Pei-yun alifundishwa kwamba mwalimu mzuri haachi kitu: saa, jambo lililotangulia, alichofanya mtoto. Naye alikuwa mwanafunzi mtiifu. Majuma matano alikuwa akiandika: "Saa tatu na dakika kumi, alipoambiwa afunge bomba, A-yu alimng'ata Chih-wei mkono wa kushoto. Saa nne kasoro robo, alimwaga rangi. Saa sita, alimtemea mwalimu mate."

"Yote ni kweli," Pei-yun akasema.

"Nani kakataa? Ila bibi hajui kusoma, mwanangu. Ulidhani nani anamsomea?"

Nani? Mzee wa mizani kwenye banda la vitunguu saumu, na mzee huyo ni mimi. Kila jioni bibi alininyooshea daftari, nami nikasoma kwa sauti, maana nilisoma mpaka darasa la nne tu na nisipotoa sauti sielewi. Wanawake kumi na wanne walikuwa wamekaa pale wakikata mizizi, wote wakisikia. Pei-yun hakulijua hilo mpaka asubuhi ile.

Siku haikumngoja amalize kuona aibu. Watoto walitakiwa kufagia uwanja. Jo-han alizunguka na ufagio mpaka akaanguka, akainuka, akazunguka tena. Chih-wei, mtoto mnene mwenye roho nzuri, alitaka feni iwashwe. Ikawashwa. Akataka izimwe. Somo la kwanza lilikuwa kufunga vifungo. Pei-yun alipiga magoti mbele ya mtoto mmoja baada ya mwingine, "kipenyeze, kivute, kipenyeze, kivute," na alipofika wa tano, wa kwanza alikwisha kuvua shati lote. Mtoto wa dirishani akajikojolea. Akamwosha, akambadilisha, akapiga deki, akarudi kwenye vifungo.

Saa tatu na dakika kumi alijikuta anageukia bomba. Lilikuwa limefungwa.

Akaona haya, kwa sababu alikuwa ametumaini kitu. Usiku wa jana yake, alipowaza kwamba huenda kiti cha A-yu kikawa kitupu tena, alijiambia, hakumwambia mtu, kwamba walau atapumua. Sasa kiti ni kitupu, na mgongo unamuuma palepale.

Chakula cha mchana kilikuja kwenye ndoo: wali, tofu, mchicha, supu. Akalisha wawili kwa zamu. Supu ikammwagikia mapajani.

"Imekuchoma?" Mwalimu Tsai akauliza.

"Imepoa. Hata supu imechoka."

"Ha! Sasa unaanza kuwa mwalimu."

Wakapiga mswaki, taa zikazimwa, shule nzima ikalalia meza kama ilivyo desturi. Huo ndio muda wa mwalimu naye kuweka kichwa chini. Pei-yun aliweka madaftari matano mbele yake akashika kalamu. Saa ngapi, nini kilitangulia, nini kilifuata. Kalamu haikwenda. Mwishowe akatia sahihi tu kwenye yote matano, na akaogopa kama aliyeiba.

Jioni, badala ya kwenda kulala, aliwasha pikipiki akaja bandani.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, kisu mkononi, kofia na kitambaa usoni. A-yu, msichana wa miaka tisa, alikaa miguuni pake akipanga vichwa vya vitunguu kwa ukubwa, na hakuinua macho.

"Mwalimu mdogo kaja!" mama mmoja akapaza sauti. "Ficheni mikono, asije akatuandika!"

Wakacheka. Pei-yun akachuchumaa mbele ya bibi.

"Bibi, nimekuja kuomba A-yu arudi."

"Nikuulize," bibi akasema bila kuacha kukata. "Yale uliyoandika, uliongeza?"

"Hapana, Bibi."

"Basi arudi afanye nini? Mtoto wa watu ang'atwe kila siku? Kila jioni nasikia mjukuu wangu alivyowachosha wenzake. Hapa hamchoshi mtu. Mama yake kaniachia huyu, hakuniachia aibu ya kusomewa mbele ya watu."

"Msomaji mwenyewe anasoma kama anauza samaki," mama yule akadakia, na mimi nikainamia mizani yangu.

Pei-yun alikuwa amechoka mno hata kujitetea. Akakaa sakafuni kwenye maganda. Halafu akaomba daftari. Bibi akalitoa chini ya kigoda. Pei-yun akaandika mstari, akanipa mimi.

Nikasoma, safari hii kwa sauti ya chini, lakini banda lilikuwa limetulia na wote walisikia: "Jumanne. A-yu hakuja. Leo hakuna aliyeng'atwa. Nimechoka vilevile."

Wanawake wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. Kwa mara ya kwanza kisu kilisimama.

"Vilevile?"

"Vilevile, Bibi. Labda na zaidi."

"Kwa hiyo uchovu si wake."

"Si wake. Ni wa kazi."

Bibi akamtazama yule binti, sketi ina doa la supu, macho mekundu. "Kazi," akasema, kama mtu anayelijua neno hilo tangu zamani. Akachukua kichwa kimoja cha kitunguu, akakikata mizizi, akakitia kwenye kikapu, kisha kingine. Aliendelea kukata mpaka Pei-yun akaondoka.

Jumatano asubuhi viatu mlangoni vilikuwa jozi sita.

Jioni bibi akaninyooshea daftari kama kawaida, safari hii akinivuta kando ya mizani, mbali na wenzake. Palikuwa na mstari mmoja: "A-yu amerudi." Nikageuza ukurasa kutafuta saa na dakika. Hapakuwa na kitu. Bibi akaninyang'anya daftari, akatia alama yake ya kidole, akarudi kwenye kigoda.

Juma hilohilo nilikutana na Pei-yun kwenye duka la tambi, amekunja mikono ya shati apate kula. Kwenye mkono wa kulia palikuwa na alama ya meno, duara dogo, imeanza kugeuka kijani. Daftarini sikuwa nimeisoma. Nikamuuliza, "Mwalimu mdogo, na hii umeiandika wapi?"