Niliandika Mama Somoe Kwenye Fomu ya Ofisi

...ndiyo maana nilimwambia admin wa kundi hili inbox kwamba ndoa yangu haina tatizo, tatizo ni kompyuta. Naomba msinicheke. Nina miaka 25, ndoa ina miezi miwili. Mimi niko masijala ya ofisi moja hapa Newala, mume wangu ni seremala Masasi. Jamani, nimepata mume. Anajua shida ya maji ya huku, basi kila wiki ananitumia madumu kwa gari, na moja lazima alifunge kanga shingoni. Alinioa akiwa na binti wa miaka minne, Somoe, aliyefiwa na mama yake. Siku ya harusi mtoto alinishika gauni hakuniachia, mawifi wakaanza kuniita Mama Somoe. Nililia kwa furaha.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ofisini kwetu kila mtu anaingia kwenye kompyuta kwa akaunti yake, na akaunti zote zinatoka mtandao wa makao makuu. Niliporudi kutoka likizo ya harusi tukajaza fomu upya. Penye jina la mtumiaji nikaandika Mama Somoe. Nilijiona kama naandika barua ya mapenzi. Akaunti yangu ya zamani ikafutwa, ikafunguliwa mpya kwa jina hilo.

Sasa nimekubaliwa kuhamia Masasi kwa sharti moja: programu mpya ya majalada ifunguke kwenye akaunti yangu, niingize kazi zangu zote, nimkabidhi mwenzangu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikishindwa, nafasi anapewa mwingine. Fundi wa makao makuu ameiweka mara tatu akiwa hukohuko. Kwa akaunti yake inafunguka. Kwangu inaandika "Huna ruhusa." Tumeifuta, tumezima na kuwasha, tumeiweka tena. Juzi akanipigia, akauliza kwa upole, "Samahani dada, huyu Mama Somoe ni nani? Kwenye orodha ya watumishi hayupo, na programu inamfungulia aliyemo tu."

Nikamwambia ni mimi. Alicheka. Akasema kurekebisha jina kunataka barua ya bosi, na majibu hayawezi kutoka mwezi huu.

Bosi hajui. Ananiita binti yangu, ila kwa makosa ya fomu hana msamaha. Mume wangu naye anaamini bosi ndiye ananibania, anataka apande Newala wakaonane uso kwa uso. Nimeshindwa kumwambia kwamba nimejifungia mwenyewe, tena kwa jina la mwanawe.

Jana Somoe alichukua simu ya baba yake, akaniamkia, kisha akasema, "Mama, baba amemaliza kitanda chako. Unakuja kukilalia?"

Ninyi mliotangulia kwenye ndoa, nianze kumwambia nani ukweli, bosi au mume wangu? Moyoni naona nafasi imeshakwenda. Lakini Somoe nilimjibu ndiyo. Mwezi huu hautaisha sijafika Masasi, hata kama ni kwenda Jumamosi kukilalia kitanda changu na kurudi Jumapili.