Gofu na Mzee wa Mbolea

Mume wangu aliponiambia atanifundisha gofu, nilijiuliza kwanza ananificha nini. Mwanaume amestaafu kampuni ya kahawa huko Moshi, amerudi nyumbani Mbinga na mfuko wa fimbo zake, na miaka yote ya ndoa hajaniruhusu hata kuzifuta vumbi. Leo ananiambia, "Mama, njoo nikuonyeshe, itakusaidia bega." Bega langu lilikuwa linauma tangu nijifungue kitindamimba, na hakuwahi kulihurumia.

Kilichokuwa kinaniuma kuliko bega ni binti yetu wa kwanza, aliyeko Dodoma kikazi. Ulikuwa umepita zaidi ya mwaka bila kuisikia sauti yake. Alituletea mchumba, kijana mpole kupita kiasi, na mimi upole wa namna hiyo huwa naushuku. Nikamtuma binamu yangu akaulizie ukoo wake. Kwetu Umatengoni mzazi asiyeulizia ukoo wa mkwe huonekana mzembe, na ningefanya hivyo tena kesho. Binti akapata habari, akaniambia siamini hata kivuli changu, na tangu siku hiyo nikipiga hapokei, nikimwandikia hajibu. Baba yake alidai kwamba hata yeye hapigiwi. Sikumwamini.

Hapa kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo kila aliyenisalimu sokoni alinitonesha kidonda bila kujua. Mume wangu peke yake ndiye aliyeacha kuniita hivyo, akawa ananiita "mama" tu. Hilo nalo nililiweka moyoni.

Uwanja aliouchagua ulikuwa Mapera, nilikozaliwa, uwanja wa mpira wa miguu juu kidogo ya parokia. Nilimuuliza kwa nini tuchome mafuta hadi huko wakati mjini kuna viwanja. Akasema nyasi za Mapera ni fupi. Nilipofika nikaona ni fupi kweli, ila nikaona pia kwamba pale juu simu inashika mtandao vizuri ajabu.

Akanipanga kama mwanajeshi: miguu iachane kiasi cha mabega, magoti yalegee, mikono isiikabe fimbo. Nikainua, nikashusha, fimbo ikazama kwenye udongo na mpira ukabaki palepale ukinitazama.

"Unachimba ngolo," akasema, akacheka mpaka akashika kiuno.

Ngolo ni yale mashimo tunayochimba Wamatengo kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo. Nimeyachimba tangu utoto, na mikono yangu ikishika mpini wowote inajua njia moja tu, juu hadi chini. Nikamwambia Mnyasa aliyekulia kwenye mchanga wa ziwa kule Ngumbo, akila dagaa wao wa usipa, angejuaje uzito wa jembe. Akakubali, lakini akasema fimbo ya gofu inatakiwa ipite, isichimbe. Kiuno kigeuke kwanza, mikono ifuate, na fimbo imalizie juu ya bega la kushoto.

Sipendi kushindwa, kwa hiyo niliendelea. Baada ya wiki chache nikawa naupata mpira, ila kila mmoja ulikwenda kwake. Mmoja uliingia kwenye kahawa za watu, mwingine ulielekea parokia, mwingine ulijiviringisha hatua chache ukachoka.

"Mpira mmoja mzuri hata kipofu anaweza kuubahatisha," alisema. "Kazi ni wa pili ufanane nao. Wewe tatizo lako ni kichwa. Kichwa chini, mama. Usiutafute mpira kwa macho. Ukiinua kichwa mapema, bega linainuka nacho na fimbo inapita juu."

Mke aambiwe ainamishe kichwa na asitazame huku na huku, halafu asishuku? Na kweli, mara nyingi nilipokuwa nimeinama, simu yake ilitetema, naye akasogea hadi golini akaongea kwa sauti ya chini. Nikimuuliza ni nani, anajibu ni mzee wa mbolea. Kwa maelezo yake, huyo ni mtu waliyefanya naye kazi zamani, anatuzidi umri sote wawili, ana wajukuu, na sasa anauza mbolea Songea. Siku moja nilichungulia kioo cha simu ikiita, nikaona kweli pameandikwa "Mbolea".

Lakini ulikuwa mwezi wa saba. Mbinga nzima ilikuwa inachuma kahawa na kuianika, na mbolea hakuna anayeiulizia mpaka mvua zikaribie. Nilimwambia hivyo. Akasema mzee anatafuta wateja mapema. Nikamtazama usoni kwa muda mrefu, naye akaanza kufuta fimbo ambayo ilikuwa safi.

Mwezi wa nane tulishuka ziwani, Ngumbo, kumjulia hali dada yake, yaani wifi yangu, aliyekuwa ametoka hospitali. Jioni, usipa ukiwa umeanikwa kila mahali na wanawake wakiufukuzia kuku, mume wangu alinipeleka mbali kidogo ufukweni na fimbo moja bila mpira. Alichora mstari mchangani kwa kisigino. Akasema nipige mchanga tu, na alama ya fimbo ianzie kwenye mstari na kwenda mbele, kila mara mahali palepale. Mchanga haudanganyi, alisema. Nilitamani kumwambia kwamba basi mchanga unamshinda yeye.

Alama zangu zilianzia nyuma ya mstari, huku na kule, kama kuku amepekua. Alizitazama, akatazama nyayo zangu.

"Uzito wako wote unabaki mguu wa nyuma," akasema. "Ni kama mtu anayesikiliza nani anakuja."

Alikuwa amesema kweli bila kujua. Simu ikatetema. Akaenda upande wa maji, akanipa mgongo. Alisahau jambo ambalo mtoto wa Ngumbo hakupaswa kulisahau: upepo ulikuwa unatoka ziwani.

"Hapana, mwanangu," nilimsikia. "Mama hayupo karibu."

Nilikuwa nyuma yake, umbali wa kumrushia kiatu. Mwaka mzima nilikuwa nimemwinda, na sasa nimemkamata. Maneno yote niliyoyaandaa yalinijaa mdomoni. Halafu nikaingiwa na hofu ambayo sijawahi kuisikia: nikimuumbua sasa, binti atajua, simu zitakoma, na hata hizi za kuibia sitazisikia tena. Nikainama. Nikapiga mchanga, nikapiga tena, nikaendelea ili anaporudi anikute nafanya kazi.

Aliporudi nikauliza bila kuinua uso, "Nani?"

"Mzee wa mbolea."

"Hajambo?"

Akanigeukia. Sikuwahi kabla ya hapo kuuliza hali ya mzee wa mbolea.

"Hajambo. Alikuwa na malaria, amepona."

"Anakula?"

"Anasema chakula kinapita sasa."

"Anakaa peke yake, au yupo mtu wa kumwangalia?"

"Yupo," akasema, taratibu sana. "Kijana mmoja mpole. Ndiye aliyempeleka hospitali."

Nikageuza fimbo mkononi, nikarekebisha vidole ambavyo havikuwa na kosa.

"Msalimie," nikasema.

Hakuuliza kwa nini. Wala mimi sikueleza, na tulipanda mlima kurudi Mbinga tukizungumzia bei ya usipa. Njiani nilianza kumshuku upya. Salamu atazifikisha? Au atazimeza, aseme amezifikisha, halafu ajitungie jibu la kunituliza?

Jumamosi iliyofuata tulikuwa Mapera. Nilikuwa nimepiga mipira kadhaa na yote ilielekea goli moja, na mume wangu alikuwa amenyamaza, jambo ambalo kwake ni sifa. Nikainama kwa mwingine. Simu ikatetema, akasogea, nikasikia akinong'ona, kisha hatua zake zikirudi mapema kuliko kawaida. Akasimama mbele yangu.

"Mzee wa mbolea anasema shikamoo."

Mzee anayetuzidi umri sote wawili. Nikamchunguza mume wangu, macho, mdomo, shingo, nione kama ameitunga. Kisha nikatazama mkono wake. Simu ilikuwa bado inawaka, sekunde zinahesabika kwenye kioo, na ameielekeza kwangu.

"Marahaba," nikasema, kwa sauti ya kufika Dodoma.