Mwendo wa Shangazi

Mtoto wa kaka yake alimwibia mwendo. Alimwambia, "Shangazi, tembea toka mlangoni mpaka dirishani nikurekodi, nimwonyeshe daktari wa mifupa ninayemjua." Akatembea, gauni kalikunja magotini ili mguu mbovu uonekane vizuri. Hakuna daktari aliyeonyeshwa kitu. Kijana alikwenda kukaa kwenye kompyuta ya kampuni ya matangazo iliyomwajiri, akachora bibi wa katuni juu ya picha zile, hatua kwa hatua. Shangazi alipochechemea, na bibi alichechemea.

Kipande cha majaribio cha tangazo hilo kilivuja, kikamkuta sokoni, kwenye simu ya muuza viatu.

"Mama Vifungo, njoo ujione! Hata kiuno unavyokivuta, wee!" Alicheka mpaka akakohoa. Katuni ilikanyaga sabuni ya sakafu, mguu ukapinda, bibi na ndoo yake wakaruka juu. "Wamesema jioni hii televisheni zote!"

Mama Vifungo alifunika meza yake ya vifungo. Akaenda moja kwa moja kwenye ile kampuni ya matangazo.

Lifti ilikuwa mbovu. Alifika ghorofani jasho likimtiririka, akaukuta ule mguu wake kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, na wafanyakazi wote wameukodolea macho.

"Huyu nani?" bosi aliuliza.

Kijana alimtazama mwanamke aliyemlea tangu akinyonya kidole. "Jirani tu, bosi. Anauza vifungo mtaani kwetu."

"Jirani?"

"Mama, tutaongea nyumbani," akamnong'oneza. Mama! Kama anamwita mteja.

"Nimekuja muutoe mwendo wangu humo," Mama Vifungo alimwambia bosi.

"Mwendo wako? Huyu kaniambia ameutoa kichwani mwake."

"Basi iwasheni hiyo katuni."

Katuni ikaanza kutembea, naye akaanza kutembea kando yake, mbele ya watu asiowajua. Ilipovuta mguu, alivuta. Ilipoegemea kushoto, aliegemea. Nyonga ilimchoma kama kaa la moto, lakini hakusimama mpaka ukutani. Hakuna aliyecheka.

"Bosi, muda wa kukabidhi umefika," kijana alisema.

Bosi alitazama saa, akatazama mguu. "Huyo bibi wa katuni mpandishe baiskeli. Na usinikodolee macho, kaa uchore!"

Jioni ile bibi wa katuni alipita kwenye televisheni juu ya baiskeli, akateleza vilevile, watu wakacheka vilevile, na hakuna aliyemgeukia Mama Vifungo. Hilo alilipata.

Tangu hapo kijana huja na mafuta ya kuchua na maneno matamu. "Shangazi yangu kipenzi, yaishe." Huyasema sebuleni, mlango umefungwa, pasipo shahidi. Shangazi hupokea mafuta tu. Anataka neno hilo likasemwe kule ghorofani, mbele ya bosi na wote waliomwona akitembea: huyu ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea. Anayedaiwa ni mtoto wa kaka yake, na mpaka leo hajalisema.