Boti Yangu Ilivyokaa Metimani

Mimi ndiye mtu wa kwanza huku kwetu Mbulu kununua boti ya starehe. Mitumbwi ya kuvulia ipo tangu zamani. Mimi nasema boti ya fiba, yenye viti vya sponji na injini nyuma. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa vitunguu saumu nimejenga nyumba ya wageni na kununua lori, na wale niliowaacha darasani leo wananiomba lifti. Kwa hiyo nikisema beseni la kufulia limenifundisha jambo, ujue si mtu wa kudanganywa kirahisi anayesema hivyo.

Boti niliitoa Ziwa Viktoria, ikaja juu ya lori langu kupitia Singida na Katesh. Jumamosi ya wiki ileile kulikuwa na harusi. Mwalimu mmoja wa sekondari, mgeni aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, alikuwa anamwoa nesi wa zahanati yetu. Nilimwahidi mbele ya kamati nzima: bwana na bibi harusi watavuka ziwa letu kwa boti na kupigwa picha katikati ya maji. Na mimi nikiahidi, huku watu huhesabu limeshafanyika.

Tulipofika ziwani, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa ananywesha ng'ombe wake palepale nilipotaka kushusha. Sijamaliza kumwamkia, akafika bwana samaki na pikipiki. Ndivyo tunavyomwita afisa uvuvi, kijana wa Bukoba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuzindua?"

"Nimekuja kuzuia. Hiyo boti imetoka maji gani?"

"Viktoria. Maji makubwa, siyo haya yetu ya kunawia miguu."

"Basi isishuke. Inaweza kuwa imebeba vitu vya kule ambavyo huku havipo. Vikishaingia, kuvitoa ni kazi ya maisha."

Nikacheka. "Imepigwa jua na vumbi njia nzima. Hata dereva nusura akauke. Kitu gani cha majini kitakuwa hai humo?"

"Ndiyo tukaangalie, mzee. Mbali na ziwa."

Shangazi akaniuliza kwa Kiiraqw, "Chombo hiki kimetoka kwa watu wengine. Kimekaa metimani?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Kwetu, mtu aliyepatwa na jambo zito, kama kufiwa ndani ya nyumba, alikaa metimani: anabaki kwake, hateki maji wanapoteka wenzake, mifugo yake haichangamani na ya jirani, mpaka muda wake uishe. Wengi siku hizi wameacha. Shangazi hajaacha.

"Ni boti tu, shangazi," nikamwambia.

"Na hawa ni ng'ombe tu. Hapa pakiharibika, wewe una bomba kwako. Wao wakanywe wapi?"

Nikawatazama wale ng'ombe. Nikamwambia dereva ageuze.

Nyumbani kwangu ni mlimani, mbali na ziwa. Tukaipanga boti juu ya mawe, bwana samaki akafungua kizibo cha nyuma. Yakatoka maji yenye shombo, ambayo sikujua kama yapo. Kwenye pangaboi la injini lilikuwa limejisokota gugu maji, na chini ya kiti kulikuwa na konokono wadogo kuliko punje ya choroko. Alitaka kuchoma vyote. Nikamwambia aache kidogo kwenye beseni, nataka kuona.

"Sawa, mzee, ila beseni lisitoke nje ya ukuta huu."

"Ukuta huu nimejenga mwenyewe. Hata paka hubisha hodi."

Kuanzia hapo sikwenda shambani. Shina la lile gugu limevimba kama andazi. Nikapasua moja: ndani ni hewa tupu, vijumba vijumba kama sponji ya viti vyangu. Ndiyo maana halizami. Kisha likanyoosha kikamba pembeni, na mwisho wa kikamba likatoa kitoto chenye majani yake. Nimelima maisha yangu yote. Kitunguu saumu ukipe samadi, ukipalilie, na bado kitakununia. Hili halikupewa chochote na linazaa.

Konokono mmoja nilimweka dirishani, pakavu. Akajifunga, nikajua amekufa. Siku nyingine nikamrudisha majini, nikanywa chai, nilipoinama tena ameshatoa pembe na anatembea. Nikamwita mke wangu.

"Wewe mtu," akasema, "harusi Jumamosi, na wewe unachunga konokono."

Ijumaa mwalimu akaja na mchumba wake.

"Mzee, boti ipo?"

"Ipo. Ina kazi."

"Kazi gani, juu ya mawe?"

"Inakauka."

Mwalimu uso ukamshuka. Nesi alikuwa ameshainama kwenye beseni. Nikamweleza yote, hadi ng'ombe wa shangazi. Akamwangalia yule konokono kwa karibu.

"Kuna aina zinazobeba kichocho," akasema. "Huyu simjui, na sitaki tufahamiane." Akamgeukia mwalimu. "Mimi nimekubali kuolewa, sikukubali kuvushwa. Picha tupige hapahapa."

Basi Jumamosi wakapigwa picha ndani ya boti, uani kwangu, katikati ya mahindi yaliyoanikwa. Bibi harusi akaning'iniza mkono nje kama anagusa maji, kuku akaja kuangalia kama ameshika punje. Na wageni walisongamana kwenye beseni kuliko kwenye keki.

Baada ya harusi tulianika vya kwenye beseni juu ya bati, vikakauka, tukavichoma. Boti ilikaa juani mpaka bwana samaki akaridhika. Shangazi naye akapanda mlima, akapitisha kiganja ndani yake yote, hata chini ya viti.

"Imetoka metimani," akasema.

Mwalimu na mkewe ndio walikuwa abiria wangu wa kwanza. Siku hizi naipeleka boti mpaka Ziwa Basotu, watu wa Hanang nao waonje. Nikirudi, lori linapita ziwani bila kusimama, linapanda moja kwa moja mpaka kwenye mawe. Shangazi akiwa pale na ng'ombe wake, huinua fimbo juu kidogo, nami napiga honi.