Mlonge na Miguu ya Nyanya

Sukari ilikuwa imeharibu mishipa ya fahamu ya miguu ya Nyanya. Alisema anahisi kama anakanyaga makaa, lakini ukimfinya kidole hasikii kitu.

Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa biolojia alitueleza kwamba seli huliwa kama bati linavyoliwa na kutu, na kwamba ndani ya mimea mna antioksidanti, vitu vinavyozuia kutu hiyo. Watafiti wanachunguza kama vinaweza kutuliza maumivu ya mishipa. Darasani huwa sinyanyui mkono, lakini nyumbani kwetu, kule Bofu, nilimwaga yote.

"Mlonge umo?" Nyanya akauliza.

"Umo. Na bizari ya manjano pia."

"Si nilisema! Nyie mwanicheka tu."

Siku chache baadaye alichemsha sufuria nzima ya majani ya mlonge, akataka nimkande miguu kama anavyokandwa mzazi aliyetoka kujifungua. Kitambaa kiliniunguza vidole.

"Si moto sana, Nyanya?"

"Wapi! Ongeza."

Nikaongeza. Jioni nyayo zilijaa malengelenge. Nilipotafuta dawa ya kumpaka, nikakuta vidonge vyake vya sukari havijaguswa tangu siku ile ya maneno yangu.

"Kliniki tutasema nimemwagikiwa na chai," akaniambia. "Umesikia, mwanangu?"

"Abee, nimesikia."

Mimi hata dukani huona haya kuagiza mkate. Lakini nilijua kidonda cha mwenye sukari kikioza, mguu hukatwa. Njia nzima ya kwenda kliniki nilirudia maneno yangu kimoyomoyo.

"Ni chai, daktari," Nyanya akasema.

"Si chai," nikasema, macho sakafuni. "Nimemuunguza mimi. Na vidonge ameacha." Nikaeleza mpaka mwisho, jasho likinitoka.

Daktari hakunigombeza. Alisema mlonge tupike kama mboga, si badala ya dawa, na miguu ile isiguswe tena na maji moto. Majaribio ya mimea hiyo kwa maumivu ya mishipa, alisema, mengi bado ni ya panya.

"Kwani mimi panya?" Nyanya akafoka.

"Ndiyo maana nataka umeze vidonge, mama."

Alininunia siku mbili. Sikujali. Kila asubuhi kabla ya shule nilimfungua bandeji, nikamkagua hadi katikati ya vidole, kisha nikampa vidonge na maji.

"Askari kafika," alisema, akameza.

"Fungua mdomo, Nyanya, nione."