Spea Yangu Iko Vijijini

Asubuhi ile niliamka nikakuta sina sababu ya kubaki Singida mjini. Msimu wa vitunguu nilivyokuwa nabeba ulikuwa umekwisha, mwezi wa chumba nilichopanga ulikuwa umekwisha pia, na upepo wa kusini ulileta harufu ya udongo uliolowa. Mahali fulani mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Nikatupa godoro na sufuria nyuma ya kipikapu changu, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo, nikawasha gari. Sikujua naenda wapi. Mara nyingi sijui. Hata shule niliiacha darasa la sita kwa sababu ya namna hiyo: kulikuwa na lori limeegeshwa nje ya uzio, nikataka kujua linatoka wapi.

Nilianzia kwa fundi tairi, pale mji unapoishia. Gari nililinunua likiwa na matairi mapana, mafupi ya ubavu, yaliyokaa kwenye rimu zinazong'aa kama sufuria mpya. Mjini yalipendeza, vijana waligeuza shingo. Lakini nina tabia moja. Popote ninaposimama kunywa chai, nainama kusoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa matairi ya watu. Ya lori nasoma, ya trekta nasoma, ya bajaji nasoma. Na katika vijiji nilivyopita, kuanzia Kinampanda mpaka Kilimatinde, kulikuwa na saizi moja niliyoikuta kuliko zote: tairi jembamba la inchi kumi na nne, rimu nyeusi ya chuma yenye matundu sita. Sikuikuta sana kwenye magari. Niliikuta kwenye mikokoteni ya ng'ombe. Pikapu kuukuu zikifa, mafundi wa vijijini huchukua ekseli na magurudumu, wakapigilia mbao juu, na ng'ombe wakarithi.

"Nivulie haya," nikamwambia fundi, "univalishe yale membamba pale ukutani."

Fundi akatazama rimu zangu, akatazama ukuta, akamwita mwenzake. "Njoo uone. Dada anataka kuvua viatu vya harusi avae kandambili."

Mwenzake akaja akifuta mikono. "Dada, ile ni saizi ya mkokoteni."

"Najua."

"Ng'ombe unao, au utavuta mwenyewe?"

Wakacheka mpaka mwenye genge la jirani akauliza kuna nini. Nikawaacha wamalize. Kisha nikawaambia kwamba tairi zuri likichanika porini linakuwa takataka nzuri tu, utalikalia ukisubiri gari la kukupeleka mjini. Tairi la kawaida lina ndugu kila kijiji.

"Hiyo ni akili ya mtu anayejua ataharibikiwa," fundi akasema.

"Kila anayesafiri ataharibikiwa. Mimi nachagua tu cha kuharibikiwa nacho."

Tukabadilishana. Yeye akabaki na mapana, mimi nikachukua manne membamba na rimu zake nyeusi, yenye meno mazima na tyubu ndani. La tano hakuwa nalo. Akasema nirudi kesho mchana. Kesho mchana! Mtu ameshawasha gari, harufu ya mvua iko puani, halafu umwambie kesho mchana.

"Sasa spea je?" akauliza.

"Spea yangu iko vijijini," nikamjibu, nikaondoka. Nilimwona kwenye kioo akijigonga kichwa kwa kidole, akimwonyesha mwenzake kwamba sina akili.

Mkiwa, barabara zinapogawana, nilisimama kunywa chai na kuamua. Nikiendelea mbele ningefika Manyoni, nikikata kulia Itigi. Sikuamua mimi. Kando ya genge alikaa kijana wa miaka kama thelathini juu ya magunia matatu, macho yake yakifuata kila gari linalokata kulia. Basi lilikuwa limemshusha hapo tangu asubuhi. Waendesha bodaboda walikuwa wamekwisha kuyapima magunia kwa macho na kumkatalia.

"Ni nini humo?" nikamuuliza.

"Karanga za mbegu. Mama yangu kachagua moja moja, nimezifuata kwao Iramba."

Akanieleza shida yake haraka, kama mtu aliyekwisha kuieleza kwa watu wengi siku hiyo. Alikuwa amefyeka shamba lake la kwanza, yeye na mkewe, kusini mwa barabara ya Itigi, kwenye kijiji kipya. Mvua ilikuwa imenyesha juzi. Ng'ombe wa kulimia hawakuwa nao, walikuwa wanaazima kwa zamu na majirani, na zamu yao ilikuwa kesho alfajiri. Zamu ikipita, ng'ombe wanakwenda kwa wengine, na mpaka warudi udongo utakuwa umekauka kama kigae. Mvua ya pili huko haina ahadi.

"Kwa hiyo karanga zisipofika leo?"

"Tutazila," akasema. "Tutakaanga, tutakula, tutasubiri mwaka mwingine."

Nikasimama. "Pakia."

Alifurahi mpaka akasahau kunywa chai yake. Alipomaliza kupakia akazunguka gari mara moja, kama watu wanavyozunguka ng'ombe wa kununua.

"Dada, spea iko wapi?"

"Iko mbele huko."

Akaingia. Niliona anashika dashibodi.

Tuliacha barabara kubwa kabla ya Itigi, tukaingia njia ya vumbi jekundu kati ya vichaka vilivyofungamana mpaka mbuzi anapita kwa shida. Watu walikuwa wamefyeka kando na kuacha visiki vimechongoka. Niliendesha taratibu, nikimsikiliza akinipangia shamba lake: upande huu karanga, upande ule mtama, mwakani alizeti. Saa saba hivi tulikwepa shimo, na gurudumu la nyuma likapita juu ya kisiki. Nilisikia mpasuko, kisha gari likakaa upande mmoja.

Tulishuka. Ubavu ulikuwa umefunguka urefu wa kiganja, tyubu imetoka nje kama ulimi.

"Haya dada," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha mwingi. "Mbele kwenyewe ndiyo hapa."

Nilikuwa natazama ng'ambo ya njia. Kulikuwa na nyumba ya tembe, boma tupu la ng'ombe, na mbele yake mkokoteni. Nilikuwa nimesahau jambo moja: huu ulikuwa msimu wa kulima. Ng'ombe wote walikuwa kwenye jembe, na mikokoteni ilikuwa likizo. Huu ulikuwa umekalishwa juu ya mawe, ekseli ikiwa tupu. Magurudumu hayakuwepo.

Bibi mmoja alitoka ndani akifunga kilemba. Tukamwamkia shikamoo sote wawili, akaitikia marahaba, akatutazama kuanzia miguuni. Nikamweleza kilichotupata na nikamuuliza magurudumu ya mkokoteni yako wapi.

"Yanalala ndani," akasema. "Ukiyaacha nje msimu huu, asubuhi unakuta mkokoteni unasimama kwa imani. Moja kalichukua mwanangu kwa mkokoteni wake. Moja lipo."

"Saizi gani, bibi?"

"Mimi nijue saizi? Njoo uone."

Chumba kilikuwa na giza na harufu ya mahindi ya zamani. Kwenye kona gurudumu lilikuwa limelazwa chini. Rimu nyeusi. Nikapiga magoti, nikapapasa ubavu kwa kidole, nikasoma. Inchi kumi na nne. Nikahesabu matundu ya nati: sita. Nilitaka kupiga kelele. Ndipo kitu kikanidonoa mkono.

"Angalia, kuku wangu amelalia," bibi akasema.

Ndani ya bakuli la rimu kulikuwa na majani makavu, na juu ya majani kuku mwekundu aliyejitanua kama mto, akinikazia jicho moja.

"Bibi," yule kijana akasema, "tunaomba gurudumu tuliazime. Tutalirudisha kabla ya mavuno."

"Gurudumu ni la mzee wangu, na mzee hatakataa, anajua mambo ya njiani. Lakini kuku ni wangu. Amebakiza siku chache tu. Ukimwondoa atasusa mayai, na mayai yakipoa basi. Wewe baba una mbegu zako, na mimi nina zangu."

Kijana akanitazama. Nje jua lilikuwa linaanza kuelemea magharibi. Akaanza kumbembeleza bibi kwa Kinyiramba, bibi akamjibu kwa Kinyaturu. Lugha zao ni ndugu, walikuwa wanaelewana nusu nusu, na ile nusu ilitosha kumkatalia. Akajaribu kapu. Bibi akasema kuku huyu kapu alilikataa tangu mwanzo. Akajaribu ungo. Bibi akacheka.

"Amelipenda gurudumu," akasema. "Mimi nifanyeje? Hata mimi niliyeolewa nalo silipendi hivyo."

Tukacheka bila kutaka. Na katikati ya kicheko nikaona kitu kilichokuwa mbele yetu muda wote. Kuku hajui kusoma namba. Anajua umbo tu.

"Bibi, je, nikimpa gurudumu lingine kama lile lile?"

Nilitoka nikapiga jeki, nikafungua nati, nikalibingirisha gurudumu langu lililopasuka mpaka mlangoni. Rimu ile ile nyeusi, bakuli lile lile. Nikalifuta vumbi kwa kanga. Bibi akalizunguka, akalikanyaga, akalinusa kabisa.

"Liko sawa," akasema. "Lakini sikilizeni. Akilala, mnaenda. Asipolala, narudisha langu, na nyinyi mtakuwa wageni wangu."

Kijana akachungulia jua nje. Najua alikuwa anahesabu ng'ombe wa watu.

Tukaziba kidirisha kwa gunia ili chumba kiwe giza kama usiku, maana kuku anayelalia huhamishwa gizani. Bibi akamfunika kwa kanga, akamnyanyua taratibu huku akimnong'oneza kwa Kinyaturu. Mimi nikahamisha majani kwa mikono miwili bila kuyavuruga, kijana akahamisha mayai, moja moja, akiyashika kama mama yake alivyoshika zile karanga, nadhani. Gurudumu la mzee likatoka, langu likakaa kwenye kona ile ile, likigusa ukuta pale pale. Bibi akamweka kuku juu, akatoa kanga, tukarudi nyuma mpaka mlangoni.

Kuku akasimama. Akatazama huku na huku. Akashuka.

Kijana akafumba macho. Kuku akatembea hatua chache, akadonoa kitu sakafuni, akasimama akisikiliza. Hakuna aliyekohoa. Kisha akageuka, akapanda kwenye ukingo wa rimu, akayasukuma mayai kwa mdomo kana kwamba anatusahihisha, akajitanua, akakaa. Alitoa ile sauti ndogo ya kooni kuku wanayotoa wanaporidhika.

"Nendeni," bibi akanong'ona. "Nendeni kabla hajasoma namba."

Gurudumu la mkokoteni lilikuwa limelegea upepo. Nyumbani kwa bibi kulikuwa na pampu ya baiskeli, na kijana aliipiga mpaka shati likamganda mgongoni, akikataa kunipokeza. Nati sita zikaingia bila ubishi. Bibi alikataa kupokea chochote, ila alichota karanga kiganja kimoja kwenye gunia lililofunguka mdomo, akasema ataziotesha nyuma ya nyumba aone kama huyo mama wa Iramba anajua kuchagua.

Njia iliyobaki niliendesha kama niliyebeba yale mayai. Vichaka vikaanza kuachia, tukaona mashamba mapya, magogo yaliyoungua, nyumba za udongo ambao bado haujakauka. Kijiji hakikuwemo kwenye ramani ya simu yangu. Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika, na kabla sijazima gari mwanamke mmoja alikuwa amekwisha kupanda nyuma na kuyashika magunia, kuhakikisha ni matatu.

"Udongo je?" mumewe akamuuliza, hata kabla ya salamu.

Mkewe akashuka, akamvuta mkono, nami nikawafuata mpaka ukingoni mwa shamba. Akachuchumaa, akachimba kwa vidole. Juu kulikuwa kumekauka, kumekuwa kweupe. Akaendelea. Kidole kilipozama mpaka kiungo cha pili akakitoa, akamwonyesha. Udongo mweusi, mbichi, ulikuwa umeganda kwenye ngozi.

"Bado," akasema.

Yule kijana akakaa chini pale pale, akacheka peke yake. Upande wa pili wa shamba, chini ya mti uliobakizwa, ng'ombe wa zamu walikuwa tayari wamefungwa, wanatafuna.

Nilipouliza kama kijijini kuna mahali pa kulala, mwanamke alinitazama kana kwamba nimeuliza kama kuna anga. Akanipeleka kwenye chumba kidogo ubavuni mwa nyumba, kilichofagiliwa vizuri. Walikuwa wamekitenga kwa ajili ya mbegu.

"Mtalala pamoja, wewe na magunia, kwa leo," akasema. "Kuanzia kesho ni chako, ukae utakavyo. Unajua kudondosha karanga nyuma ya jembe?"

"Sijawahi."

"Utajua. Hatua moja, punje moja. Ukiwa na haraka utatupa mbili, nitakuona."

Nikaingiza godoro langu. Nikauliza mlango unafungwaje, maana haukuwa na komeo.

"Egemeza gunia," akasema, akiwa amekwisha kugeuka kwenda kupika. "Ila ukisikia ng'ombe wanakohoa alfajiri, lisogeze upesi. Hatutagonga."