Manyoya Kifuani

Mashine ya mionzi kule Mwanza ilinimaliza nguvu hadi nikawa nachoka kwa kumwangalia kuku akikimbia. Wiki tano nimelala chini yake, imeinama juu yangu kama ng'ombe anayenusa mtu. Haina moshi, haina mwanga, haikugusi. Inaunguruma kidogo, halafu unaambiwa, "Mama, vaa, tayari." Tayari nini, na mimi sijaona kitu? Nikajua hawa wananichezea.

Siku ya kuondoka, ngozi ya titi la kushoto, lile walilotoa uvimbe, ilishaanza kuwa nyeusi. Nesi akanionya. "Itaendelea kuungua ukiwa nyumbani, wiki moja au mbili. Usipake kitu tofauti na dawa tuliyokupa. Ikifunguka ikaingia uchafu, utalazwa."

"Mashine naiacha hapa," nikamwambia. "Kule kwetu Mwandoya ataniunguza nani?"

"Ngozi inachelewa kupata habari, mama."

Nikacheka njia nzima. Siku ya nne nyumbani, habari zikafika.

Ilikuwa mchana, watu wote wako shambani wanachuma pamba, kumenyamaza hata nzi unamsikia anavyowaza. Nimekaa kivulini peke yangu, kifua kikaanza kuwaka. Joto la kupika ugali wa harusi! Nikafungua kanga kutazama. Weusi ulikuwa umekaa mraba, una kona nne, umenyooka kama mlango umechorwa kwa rula. Mbwa wetu alikuwa amelala miguuni pangu. Akainuka, akanitazama kifuani, akarudi nyuma kinyumenyume mpaka akagonga ukuta.

Jioni wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuja kunipikia, akaangalia naye.

"Wifi, moto gani huu una kona?"

"Wa serikali."

"Usinitanie. Mimi moto ninaoujua hauna kona."

Kesho yake chini ya titi pakaanza kutoa majimaji. Hapo utani ukaniisha, maana nesi alisema ikifunguka ikaingia uchafu nitalazwa. Wifi akatoka, akarudi na mfuko wa rambo umejaa manyoya ya sungura. Kwetu ukiungua ndiyo dawa. Akavua kiatu, akanionyesha mguu wake ulioungua uji akiwa mtoto. Hata kovu huoni.

"Nesi alikataza," nikasema.

"Nesi yuko Mwanza. Wewe unaungulia hapa."

Nikatazama yale majimaji. "Bandika, wifi."

Akabandika kama anaezeka nyumba. Kukapoa kidogo, nikasinzia. Nilipoamka jua bado liko juu, nikachukua kioo. Mwenzenu nilikuwa na mnyama kifuani! Mweupe, wa mraba, na manyoya yalikuwa yanapumua. Yanainuka, yanalala, yanainuka. Nikajiambia ni moyo, moyo si uko upande huo. Nikabana pumzi nione. Yakaendelea tu, polepole, kama hayana haja na mimi.

Jirani akaingia uani, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Nikageuka kumwitikia na kanga imeshuka. Alikuwa amekuja kuazima ungo. Aliondoka bila ungo, na ndara moja akaiacha. Mpaka mchana wa siku ya pili kijiji kizima kinasema naota manyoya, eti mashine ya Mwanza inageuza watu fisi. Nilicheka hadi machozi. Halafu nikasikia harufu, na baridi ikanishika juani.

Wifi akanusa, akaanza kufunga mzigo wa hospitali. Asubuhi tulikuwa kwenye gari la Bariadi, yeye kanishika mkono njia nzima kama ndiye mgonjwa.

Nesi wa Bariadi alifungua kanga, akafunga macho, akafungua tena. "Mama, unafuga nini humu?"

"Nimepata mtoto uzeeni," nikasema, meno yakigongana.

Akaloweka kwa maji ya chumvi, akang'oa unyoya mmoja mmoja kwa kibano, nami nikihesabu mabati ya paa. Chini yake palikuwa pametunga usaha. Akasafisha, akanichoma sindano, akanipa vidonge. "Mngechelewa siku mbili ningekulaza. Nani kakubandika?"

"Mimi mwenyewe," nikasema. Wifi akatazama sakafu.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nesi, tukilala naye chumba kimoja, hatatuunguza?"

"Hapana. Mionzi haikubaki mwilini. Iliishia kule kule."

"Kama haikubaki, nani anaendelea kumchoma?"

Nesi akaeleza habari ya ngozi, vizuri sana, mimi nikatikisa kichwa kukubali. Wifi naye akatikisa.

Tulipofika nyumbani akaingia moja kwa moja chumbani kwangu, ambako pamba ya msimu ilikuwa imerundikwa mpaka darini, akaanza kuitoa nje isije ikashika moto. Nilimtazama anavyohangaika na gunia la kwanza. Ningeweza kumcheka, maneno yalikuwa mdomoni. Nikashika kona moja kwa mkono wangu wa kulia, tukavuta.